Dumu Lisilo na Alama

Habari ilimkuta Huruma amesimama mbele ya wakulima ishirini na sita, chaki mkononi, katika ukumbi wa kijiji huko Mnyambe. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Julai, saa nne asubuhi, na ukungu wa Newala ndiyo kwanza ulikuwa unainuka juu ya mikorosho. Alikuwa ameandika ubaoni "Sehemu ya tatu: kujikinga na dawa", na herufi zilikuwa zimepinda. Hilo lilikuwa darasa lake la kwanza tangu aajiriwe.

Simu ikatikisika juu ya meza. Akaiacha. Ikatikisika tena, na tena.

"Pokea tu, mwalimu," alisema Hamida, mwenyekiti wa darasa, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. "Simu inayorudi mara tatu haijaja kusalimia."

Alikuwa Marko, mkuu wa kituo cha mafunzo ya wakulima kule Masasi.

"Huruma, uko na nani hapo?"

"Niko darasani, mkuu."

"Toka nje kwanza, dada yangu."

"Sema tu, mkuu. Nakusikia."

"Cecil ametutoka. Saa tatu hii. Alikuwa mezani kwako anaandika, akalaza kichwa kama mtu aliyechoka. Tumemkimbiza hospitali, lakini hatukufika naye."

Huruma akaiweka chaki mahali pake, akawageukia wakulima, akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwafundishia, "Kaka yangu amefariki." Darasa zima likasimama. Hamida akamshika mabega, mwingine akaita bodaboda, na haikupita robo saa Huruma akawa njiani kuelekea kwao Chilangala, mkoba wake umeshikwa na mtu mwingine, viatu vyake vimejaa vumbi la chaki. Nyuma ya mlango wa ukumbi aliacha madumu matatu ya njano, ya lita ishirini kila moja. Hakuyakumbuka.

Cecil alikuwa kaka yake wa tumbo moja, amemtangulia miaka kumi na moja. Babu yao alibatizwa na wamisionari, baba yao alikuwa mwinjilisti, na Cecil mwenyewe angekuwa padre kama asingependa kubishana. Badala yake alikwenda kituoni Masasi kuwafundisha wakulima namna ya kutunza mikorosho: kupogoa, kupalilia, kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyapaka maua unga mweupe mpaka yakauke. Alifundisha darasani miaka minane. Halafu wakubwa wakaona anaandika vizuri, wakamtoa ubaoni, wakampa meza, kalamu na kazi ya kuandaa kozi ambazo wenzake wangezifundisha.

Alikaa mezani miaka miwili, akaomba kurudishwa darasani. Akarudishwa. Baada ya muda akaomba meza tena. Hivyo hivyo, huku na huko, mara tano. Wenzake wakampa jina la Popo.

"Wewe Popo, leo u ndege au u mnyama?" Marko alikuwa akimtania mlangoni.

"Leo nina mabawa," angejibu akiwa na mkoba wa safari. Na akiwa mezani angesema, "Leo nina meno. Leteni hizo karatasi zenu nizitafune."

Lakini haikuwa kigeugeu. Aliamini kwamba mtu akikaa mezani muda mrefu huanza kuwaandikia watu ambao hawapo, watu wasiochelewa, wasiougua, wasiokuwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo kila kozi aliyoiandika alikwenda kuifundisha mwenyewe mara moja kwanza, akarudi na karatasi zimechorwachorwa, akaziandika upya.

Huruma alikuwa kinyume chake. Alikuwa ameandika kozi miaka tisa bila kuifundisha hata moja. Kusimama mbele za watu kulimtisha tangu utoto. Akiwa kidato cha pili aliitwa kusoma somo kanisani, sauti ikamkimbia katikati ya mstari, akarudi kukaa huku waumini wakimtazama. Tangu siku hiyo alijificha nyuma ya karatasi. Aliandika vizuri, tena kwa mpangilio, kila kitu na saa yake. Yeye aliandika, Cecil akasimama kusema. Ndugu wawili, mdomo mmoja.

Mwezi wa Mei daktari akamwambia Cecil moyo wake umepanuka, safari za uwandani zikome. Cecil akamfuata mdogo wake mezani.

"Mama Kelvin," alimwita kwa jina la mwanawe, "tubadilishane."

"Kaka, mimi siwezi."

"Kuongea na watu huwezi? Mbona sokoni unapunguziwa bei mpaka muuzaji anataka kulia?"

"Sokoni hawanitazami wote kwa pamoja."

"Watakutazama siku moja tu. Siku ya pili watakuwa wanakuuliza maswali, utasahau kama una uso."

Akacheka, akakohoa, akakaa kwenye kiti cha Huruma. Kozi ya kwanza aliyoipitia ilikuwa ile ambayo Huruma alikuwa aende nayo Mnyambe, kozi ya kupulizia dawa ya maji. Huruma alikuwa ameandika kwamba mwalimu achanganye dawa asubuhi na mapema, kabla wanafunzi hawajafika, ili kuokoa muda. Pembeni ya mstari huo Cecil aliandika kwa penseli: "Isichanganywe mpaka watu wamevaa, wako shambani tayari. Darasani mtu huitwa ghafla, dawa ikabaki."

Huruma aliusoma ujumbe huo mara mbili. Kuufuata kungeharibu ratiba yote ya siku. Nusu saa ingepotea. Akachukua kifutio, akaufuta.

Siku ya Alhamisi asubuhi nyumba ya mama yao pale Chilangala ilikuwa imejaa. Wanawake walikaa ndani juu ya mikeka, wanaume nje kwenye viti vya kanisa, na wajenzi walikuwa makaburini wanalijengea kaburi kwa matofali, maana mwili ulitarajiwa kutoka Masasi jioni na maziko yalipangwa Ijumaa. Sabina, mjane wa Cecil, alikuwa njiani na mwili.

Juu ya uwanda ule wa Newala maji ni ya shida, na Julai visima vya mvua vimekwisha kushuka. Kwa hiyo huko mtu haendi msibani mikono mitupu, na hapeleki kwanza unga wala sukari. Hupeleka maji. Kila mwanamke hufika na dumu lake, hulishusha nyuma ya nyumba karibu na jiko, ndipo aingie ndani kulia. Asubuhi ile yalikuwa yamepangwa mistari minne, yote ya njano. Mgeni angedhani yote ni mamoja, lakini kila mwenye dumu alilijua lake kwa alama: kitambaa cha kanga shingoni, kovu la moto, kifuniko cha buluu, kamba ya katani. Dumu ni mali. Likipotea, hata urafiki hupotea.

Huruma alikaa mkekani kando ya mama yake, ambaye wengi walimwita Mama Cecil. Mzee huyo alikuwa hajala tangu jana, na sasa hivi ndipo alipokubali kikombe cha uji. Alikuwa akikishika kwa mikono yote miwili, akikipuliza.

Hamida akaingia na wanawake watano wa darasa, vitambaa vichwani, Waislamu kwa Wakristo. Wakapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni tulie."

"Poleni na msiba. Mwalimu, pole sana."

"Asante, Hamida. Tumeshapoa."

"Tumekuja darasa zima, wengine wako nje. Tumekodi gari, kirikuu." Hamida akasogea karibu, akapunguza sauti yake, nayo hata ilipopungua bado ilisikika mpaka uani. "Na yale maji yako uliyoyaacha ukumbini usiwe na wasiwasi. Tumekuletea yote matatu. Tumesema ya mwalimu yasipotee, hizi siku maji ni roho."

Huruma akamtazama. Kwanza hakuelewa. Halafu akakumbuka dumu la tatu.

Madumu mawili yalikuwa maji ya kunywa ya darasa. La tatu alilichanganya mwenyewe saa moja asubuhi nyuma ya ukumbi, peke yake, kama alivyojiandikia: dawa ya ubwiriunga, ya kumiminwa baadaye kwenye mabomba ya mgongoni. Alikusudia kulifunga kitambaa chekundu. Kitambaa kilikuwa kwenye mkoba. Kilikuwa kwenye mkoba hata sasa.

"Mmeyaleta saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Tulitangulia na maji, mimi na dereva, ndipo nikarudi kuwachukua hawa."

Uji uliteremshwa jikoni saa mbili.

Huruma akageuka, akakinyakua kile kikombe mikononi mwa mama yake. Uji ukamwagika kwenye mkeka, ukamwagika kwenye kanga ya mzee, na wanawake wote wakapiga ukelele.

"Mwanangu!"

"Umekunywa? Mama, umekunywa?"

"Nimeonja. Huruma, una nini?"

"Msinywe!" Huruma alikuwa amekwisha kusimama. "Mtu asinywe uji! Asinywe kitu!"

Nyuma yake akasikia mtu akisema kwa upole, "Mshikeni, mshikeni, msiba umempanda kichwani." Mikono ikamshika nguo. Akajichomoa, akatoka uani.

Watu walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Wanaume kwenye viti, wazee wa kanisa, Umoja wa Akina Mama na sare zao, watoto wenye vikombe vya uji. Wote wakamgeukia. Akafungua mdomo na sauti haikutoka, kama ile siku ya kanisani, hewa tupu. Akaona mtoto mmoja anainua kikombe.

"Weka chini!" Sauti ikatoka, kubwa na mbaya, hakuijua kuwa ni yake. "Nyote wekeni vikombe chini. Sijarukwa na akili. Nisikilizeni. Katika maji yaliyoletwa asubuhi kuna dumu lina dawa ya mikorosho. Ni langu. Nililichanganya mimi, sikulitia alama, nikaliacha. Limekuja hapa kwa makosa yangu."

Kikombe kimoja kikagonga chini.

"Dawa gani?" mzee mmoja akauliza.

"Ya maji. Haiui mara moja, lakini inadhuru. Aliyekunywa aniambie anajisikiaje. Na wenye madumu njooni, kila mtu asimame kwenye lake. Kwa alama. Msiguse yasiyo yenu."

Wakaja. Wengine walilia kwa hofu, wengine walinung'unika kwamba maji ya watu yatamwagwa bure. Mama wa kifuniko cha buluu akasimama kwenye lake, wa kamba ya katani kwenye lake. Wawili waligombania dumu lenye kovu la moto mpaka wakaona madumu yenye kovu ni mawili. Huruma alipita mistari ile akiomba kimoyomoyo, Bwana unirehemu, Bwana unirehemu, hakuwa na sala ndefu kuliko hiyo. Kila dumu likapata mwenyewe. Yakabaki yasiyo na alama wala mwenye kuyadai.

Yakabaki mawili.

Akayafungua yote, akanusa, akamimina kiganjani. Maji safi. Yote mawili maji safi.

"La tatu," alisema. "Hamida, la tatu liko wapi?"

Hamida alikuwa amejishika kichwa. "Mwalimu, nililishusha hapa hapa. Wallahi niliyashusha yote hapa."

Huruma akaitazama sufuria kubwa ya uji, na ya maharage kando yake, na maji ya ugali yaliyokuwa yakichemka. Mama yake alikuwa ametolewa nje, amekalishwa kwenye kiti, mkono kifuani. Alikuwa mzee wa miaka sabini na nane ambaye kesho alikuwa amzike mwanawe. Huruma akafikiri: nimemuua na mama. Wazo hilo lilikuja wazi kabisa, kama mstari ulioandikwa.

Mama mdogo Julia akatokea jikoni anafuta mikono kwenye kanga. Ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko kwenye misiba yote ya Chilangala, mwanamke mfupi asiyependa kuulizwa mambo.

"Kelele za nini kwenye jiko langu?"

"Mama mdogo, lile dumu..."

"Lipi? Lile la maji meupe?" Julia akakunja pua. "Nililifungua asubuhi na mapema, linanuka kama kiatu cha askari. Nikasema aliyeleta maji haya ya bwawa hana aibu, anawaletea wafiwa maji ya kufyatulia matofali? Maji ya kupikia nayajua, ya kuoshea nayajua. Haya nikawaambia wajenzi wachukue, wakachanganyie saruji."

"Hukuyatia kwenye uji? Hata kidogo?"

"Huruma, mimi nimepika misiba miaka thelathini. Nitie kwenye uji maji nisiyoyajua?"

Huruma akamkumbatia pale pale, halafu akamwachia, akakimbia kuelekea makaburini, maana wajenzi nao ni watu.

Walikuwa wanne. Godwin, fundi mkubwa, alikuwa ndani ya kaburi anapanga matofali, wenzake wanakoroga saruji juu. Dumu lilikuwa limelala ubavuni, tupu. Mmoja alikuwa ananawa uso kwa maji yaliyobaki kwenye ndoo.

"Acha! Tupa hiyo ndoo!"

Jamaa akaruka nyuma, akitweta. "Mwe! Dada, umenitisha kwenye makaburi!"

Aliwaeleza huku akihema. Godwin akapanda ngazi akitukana polepole, halafu akakumbuka alipo, akaomba radhi kwa marehemu wote. Hakuna aliyekunywa, walikuwa na chupa zao. Aliyenawa alisema macho yanamwasha. Hamida, ambaye alikuwa amemfuata Huruma mbio, alifika na moja ya yale madumu mawili kichwani, wakamsafisha macho kwa maji mengi kama watu ambao maji si shida kwao, wakaosha mikono ya wote kwa sabuni, kisha kirikuu ikawapeleka wote wanne zahanati. Huruma alikwenda nao. Mhudumu aliwatazama, akawaweka kwa saa tatu, akawaruhusu. Kwa saa tatu zile Huruma alikaa kwenye benchi akimtazama yule jamaa kila alipokohoa. Alimpigia Marko simu, akamsimulia yote bila kupunguza, pamoja na mstari wa penseli alioufuta.

"Unataka nikurudishe mezani?" Marko aliuliza.

"Nataka karatasi ile isifundishwe na mtu mpaka niiandike upya. Halafu nitamalizia darasa la Mnyambe mimi mwenyewe. Sijawafundisha sehemu ya tatu."

"Hofu je?"

"Ipo, mkuu. Haijaondoka."

Walirudi wote makaburini kwanza, na Huruma alipofika nyumbani jua limeanza kulala, alimkuta mama yake amekula ugali. Mzee alimpangusa uji uliokauka kwenye mkono wa blauzi, kwa mate na kidole, kama anavyopanguswa mtoto. Mwili ulifika muda mfupi baadaye. Wajenzi walikwisha kuizoa saruji yote iliyochanganywa kwa maji yale, wakaifukia mbali, wakaanza upya kwa maji yaliyotolewa na wanawake watatu bila kuombwa.

Cecil alizikwa siku ya Ijumaa saa nane mchana. Misa ilikuwa fupi kwa sababu padre alikuwa na msiba mwingine Newala mjini. Sabina alikaa mbele na watoto wawili. Wakulima wa Mnyambe walikaa nyuma, na wengine walisubiri nje ya kanisa mpaka jeneza lilipotoka, ndipo wakafuata. Upepo ulikuwa mkali na mishumaa ikazimika njiani. Hakuna aliyeiwasha tena. Makaburini padre alisema mavumbi kwa mavumbi, akatupa udongo mara tatu. Mama Cecil alitupa wake, Sabina akatupa, Huruma akatupa. Wanaume walishuka wakaweka zege juu, wakafukia, wakashindilia kwa koleo. Kwaya iliimba beti mbili. Mashada yaliwekwa, la familia kwanza, la kituo la pili. Msalaba wa mbao uliandikwa jina lake, mwaka wa kuzaliwa na mwaka huu. Padre alibariki, akawahi gari yake. Watu walinawa mikono, wakampa Mama Cecil mkono wa pole mmoja mmoja, kisha wakachukua madumu yao matupu na kurudi makwao.